Besi ya Susu

Leo amplifaya yangu imepata moto, na harufu ya vumbi linaloungua ikanirudisha sebuleni kwetu Kola. Masikio ya Susu, nyanya yangu, yalikuwa hayasikii vizuri tena. Baba alimtungia wimbo wa gitaa la besi lenye sauti ya kukwaruza, lakini kila alipoongeza mkwaruzo, uzito wa besi ulipotea.

"Nasikia nyuki tu," Susu alisema.

Baba akaazima amplifaya ya pili kanisani, akaunganisha gitaa kwa zote mbili: moja ikwaruze, nyingine ibaki safi na nzito. Alipopiga, vikombe vilitetemeka kabatini. Susu akaweka kiganja juu ya spika, akafumba macho.

"Sasa nimekusikia, mwanangu. Usiache."

Baba aliurudia wimbo mpaka chai yetu ikapoa, na hakuna aliyeinuka.