Magunia ya Mbele

Mtumbwi wetu ni mkaidi. Ukiulegezea kidogo tu, unageuza pua kule upepo unakotoka na kusimama hapo, tanga likipigapiga kama nguo kwenye kamba. Ili uende mbele, lazima mtu akae nyuma kabisa, auvute mpini wa usukani hadi kifuani, na asiuachie mpaka tufike visiwani tunakopeleka mizigo. Mtu huyo ni mimi.

Nimeuvuta mpini ule hadi bega langu la kulia limekuwa nene kuliko la kushoto. Sisemi kwa kujisifu. Fundi anayenishonea mashati alikwisha kuacha kunipima, anajua kwamba upande wa kulia anaongeza kitambaa. Fundi huyo ni mke wangu. Yeye na mtoto wetu wanaishi Biharamulo mjini, chumba cha kupanga karibu na soko, cherehani mlangoni. Mimi naishi Nyantakara kwa kaka yangu, kwa sababu ya mahindi, kwa sababu ya ng'ombe, lakini hasa kwa sababu ya mpini.

Mke wangu akipiga simu huuliza jambo moja kabla ya salamu kwisha.

"Baba watoto, umeshamwambia kaka?"

Yaani nimeshamwambia kwamba naacha mtumbwi na kuhamia mjini. Nimemwambia, tena si mara moja. Linaloniudhi ni kwamba hakatai. Angekataa tungegombana, yakaisha. Yeye hutikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonewa.

"Nenda, mdogo wangu. Ila niambie, nani atashika usukani?"

Hapo ndipo ninapokwama. Kule mwaloni, mahali mitumbwi inapolala kando ya ziwa, walikuwepo wanaume waliojaribu. Walishuka wakisugua mikono, siku ya pili wakapanda mtumbwi mwingine. Kaka mwenyewe alijaribu mara moja akasema mkono wake si wa kazi ile. Tangu hapo hunisifu kila mahali. Hata kanisani, watu wakiwa wamesimama nje baada ya ibada, hunishika lile bega nene na kuwaonyesha. Nimefungwa kwa sifa, na sifa huwezi kuishtaki popote.

Sisi si watu wa maji. Baba alitoka Shinyanga akiswaga ng'ombe, na maisha yake yote alikuwa mtu wa mkokoteni. Mtumbwi aliupata uzeeni, kwa kubadilishana na ng'ombe, na akatufundisha kuupakia kwa namna aliyoijua. Mzigo mzito unakaa mbele. Kwenye mkokoteni hakuna ubishi juu ya hilo: magunia yakikaa nyuma, mti wa mbele unanyanyuka na nira inawakaba maksai shingo. Baba aliwahi kumchapa kaka kwa kosa hilo. Basi tukaupakia mtumbwi vilevile, mahindi na maharage yakibanana puani, huku nyuma nikikaa peke yangu na dumu la petroli. Pua ilizama, mkia ukaelea, nasi tukaona ndivyo mtumbwi ulivyo.

Kwa mashine ya petroli mambo hayakuwa nafuu. Mashine yetu inaning'inia upande wa kulia, kwa kuwa katikati pana usukani, hivyo inausukuma mtumbwi kwenda kushoto. Mkia ukiwa juu, panga zake zinazosukuma maji zinakamata povu na usukani unalamba maji badala ya kuyauma. Asubuhi napigana na mashine, mchana upepo ukiamka kaka anapandisha tanga, napigana na tanga. Nilikuwa nikikaa pale nyuma, maji pande zote, mahali ambapo mtu angedhani ni uhuru mtupu, nikijihisi kama mbuzi kwenye kamba fupi. Niliuchukia mtumbwi kama mtu anavyomchukia mtu.

Mwaka jana, msimu wa upepo, tulikuwa katikati ya safari ya kwenda visiwani mawimbi yalipoanza kuingia kwa mbele. Tanga lilikuwa limejaa, mpini ulikuwa unanikata mbavu. Kaka alikuwa akichota maji kwa ndoo na maji yakimshinda.

"Pua inakunywa!" alipiga kelele. "Nalowesha mahindi ya watu!"

Akaanza kuyahamisha magunia. Hakufikiri lolote, alitaka tu yasilowe. Alikokota moja, akalitupa miguuni pangu, akarudi kuchukua jingine. Kaka ni mtu wa nguvu, akishikwa na hofu hahesabu. Magunia yakanizunguka, pua ikapanda, na ghafla mpini ukalegea mkononi mwangu.

"Kaka, usukani umekatika!" nilisema. Niliamini hivyo. Nilingoja mtumbwi ugeuke utupige ubavu.

Haukugeuka. Ulikwenda. Niliinama kuangalia, usukani ulikuwepo mzima majini. Nikaulegeza mpini kidogo, kisha nikauachia nusu, nikabaki nao kwa vidole viwili. Mtumbwi uligeuza pua polepole kuelekea upepo, nikaugusa, ukarudi. Ndivyo tu. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona machozi yananitoka, na sioni haya kuyasema. Miaka yote ile yalikuwa magunia.

"Njoo ushike," nilimwambia kaka.

Akaja, akashika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea nyoka. Akatoa mmoja. Nikasubiri afurahi, hakufurahi. Aliuongoza mtumbwi hadi kisiwani, na jioni tuliporudi kwa mashine, ambayo bado ilikuwa inavuta kushoto kidogo lakini kwa adabu, alikaa puani akanipa mgongo.

Usiku ule nilimpigia mke wangu. Nilimwambia atafute chumba chenye nafasi zaidi.

Safari iliyofuata nilifika mwaloni nimevaa shati jipya alilolituma mke wangu. Kaka alikuwa ametangulia. Alikuwa ndani ya mtumbwi, ameshapakia, na magunia yote yalikuwa mbele.

Nilidhani amesahau. Nikapanda, nikalikokota moja nikaliweka nyuma. Akalifuata, akalirudisha mbele. Nikalitoa tena. Akalirudisha tena. Hasira ikanipanda hadi masikio yakaziba.

"Kaka, unanifanya mimi mtoto? Si uliona mwenyewe! Sasa mtu yeyote anaweza kuushika!"

"Niliona," alisema.

"Basi?"

Alikalia gunia. Pale mwaloni watu walikuwa wanatuangalia, akashusha sauti.

"Baba hayupo. Mama hayupo. Mke wangu aliondoka na watoto, unajua. Nikirudi Nyantakara jioni, taa ninayoiona ni ya kwako." Aliyasugua magoti yake. "Usukani naweza, mdogo wangu. Nimejua naweza. Ungebaki mzito usingeondoka, nami ningelala usingizi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa magunia. Lile gunia la ubishi lilikuwa katikati yetu, halijakaa mbele wala nyuma. Nilisimama nikilitazama mpaka mwenye mtumbwi wa jirani akauliza kama tunakwenda au hatuendi.

Nikalinyanyua nikaliweka mbele, mimi mwenyewe.

Siku hiyo upepo ulivuma wa kawaida, lakini mpini haukuwahi kunivuta vile. Tulipofika visiwani shati jipya lilikuwa limechanika begani, lile la kulia, licha ya kitambaa cha nyongeza. Mke wangu alipiga simu jioni. Alikuwa amepata chumba, chenye dirisha upande wa barabara ya hospitali, na mwenye nyumba alikuwa anangoja jibu.

"Umeshamwambia kaka?" aliuliza.

Nikamwambia shati limechanika, anishonee jingine.