Maji ya Pole

Kazi yangu ni kuwachagulia watu mito. Ofisi yetu iko Nakasero, Kampala, juu ya duka la mazulia, na mgeni akitaka kupanda kayaki au boti la mpira, mimi ndiye ninayemhoji. Unaogelea? Mgongo ni mzima? Umekuja kutetemeka au kupumzika? Wengi hudanganya, hasa wanaume waliokuja na wachumba wao. Mwenye majigambo nampeleka penye mawimbi makubwa ya Nile, anarudi amenywea. Mwenye watoto nampa mtumbwi na maji yaliyolala. Mimi mwenyewe, Mkenya niliyekulia kwenye mashamba ya mahindi, siogelei. Watu wakigundua hucheka, nami hununa.

Siku moja aliingia mama mmoja Mkongo ninayesali naye kanisa moja, amevaa kitenge chake cha Jumapili. Nilijua ni mjane. Mengine sikuyajua hadi alipoketi. Binti yake ameolewa visiwani, Kalangala, na alikuwa amejifungua mtoto wa kiume aliyepewa jina la babu yake, marehemu mume wa mama huyu. Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa, na bibi yake hajamwona bado. Kufika huko ni lazima upande feri, naye tangu walipokimbia vita hakuwahi kutia mguu katika chombo chochote. Aliniomba nimtafutie mto, ajifunze tena kukaa juu ya maji. Aliomba kwa sauti ya chini, kama anayeomba dawa. Nampenda sana mama yule, nikakubali papo hapo.

Nilimpigia simu kiongozi wetu wa boti kule mtoni, Muganda aliyejifunza Kiswahili jeshini, nikaiweka simu mezani ili mama asikie. Nilimweleza kwamba mgeni wetu alimpoteza mumewe majini, nikamtajia ule mkono wa mto unaopita nyuma ya kisiwa, ambao mimi sikuwahi kuuona.

“Ile ya nyuma, nyabo, ni poli,” alisema kiongozi, akiniita bibi kwa Kiganda. “Ni poli sana.”

Mama aliinamisha kichwa, akashukuru. Alidhani amepewa pole ya msiba. Mimi nilidhani nimeambiwa maji ni ya pole. Kila mmoja akatosheka na alichosikia, tukapanga safari.

Tuliusikia mto kabla ya kuuona. Kiongozi alikuwa ukingoni na makafi yake, akitushangaa. Alisema alituonya kwamba kule ni poli, msitu mtupu na maji ya fujo, na tulipokuja hata hivyo akadhani tumeamua wenyewe. Pori! Ulimi wa Kiganda hauipendi ile r inayofuata o, na mimi nimekaa Kampala vya kutosha kulijua hilo. Nilimkasirikia yeye, kisha nikayakasirikia masikio yangu. Nikamwambia mama turudi nyumbani, nitamtafutia mto mwingine uliotulia.

Mama hakusogea. Alikuwa akilitazama povu.

“Mayi yenye ilibeba bwana yangu ilikuwa ya pole,” alisema. “Ilinyamaza kabisa. Hii angalau inasema.”

Ndipo akanisimulia. Ziwa walilolivuka wakikimbia vita lilikuwa limetulia asubuhi ile. Mtumbwi ulijaa watu, ukainama upande mmoja, na maji yakajifunga juu yao bila kelele. Alipoibuka alimwita mumewe, akatega sikio, asisikie kitu. Kumbe hakuwa akiogopa mawimbi hata kidogo. Miaka yote nimepima mito kwa utulivu wake, na nusura nimpeleke penye kile kile kinachomtisha.

Kiongozi alituchagulia njia iliyo nyepesi kuliko zote pembeni mwa mto, akaweka watu wawili wa kayaki karibu nasi. Tulivaa majaketi ya kuelea na helmeti, tukaingia. Maji yalitupiga usoni, boti likapanda na kushuka, na mama hakutoa sauti. Nilipiga mayowe ya watu wawili. Tulipoyapita mawe mto ulipanuka, ukatulia, na hapo ndipo alipoanza kutetemeka. Nilihisi kucha zake mkononi mwangu. Kiongozi aliona, akaanza kuyapiga maji kwa kafi na kusimulia habari za maharage ya jeshini yenye wadudu. Nikadakia na habari zangu. Tuliropoka mambo ya ovyo hadi ukingoni.

Baadaye akapanda feri. Alinipigia simu alipokaa kitini, akaniomba jambo moja tu, nisinyamaze. Nilimwacha mgeni akisubiri nikazungumza: bei ya nyanya sokoni, viatu vipya vya mchungaji, nyundo za mafundi wa Katwe, ninakoishi, zinazoninyima usingizi wa mchana. Yeye alijibu kidogo, na nyuma yake injini ilinguruma. Ilipozimika niliendelea tu, maana sikujua kama naweza kuacha. Nikasikia nyayo, sauti ya binti yake, halafu kilio cha mtoto aliyeshtushwa na mgeni.

Mama aliita jina la mumewe. Sikuwahi kumsikia akilitamka. Nikanyamaza, naye hakunihitaji tena.

“Lia, bwana yangu,” alimwambia mtoto. “Lia, nikusikie.”