Jibu Nililompa Ofisa wa Vibali

Asubuhi ile nilikunja godoro, nikafunga begi, nikampelekea mama mwenye nyumba ufunguo wake.

"Unasafiri, mwanangu?"

"Natembea kidogo tu, mama."

Akaliangalia begi. "Unatembea na sufuria?"

Hata mimi sikujua naenda wapi. Nilijua tu kwamba Kilosa nimeimaliza. Karibu na soko nilikuta fuso limepakia mahindi, dereva anakagua matairi. Akasema anaelekea Mikumi. Angesema Dumila ningeenda Dumila. Nikapanda.

Dereva hakuwa mtu wa maneno, nami nilishukuru. Kuna safari mtu unataka kuongea na kuna safari unataka kutazama tu vumbi. Tulipoyaacha mashamba ya mkonge nyuma yetu, nilijikuta nageuza shingo mpaka mistari yake ikaisha.

Kwenye shamba mojawapo nilifanya kazi miaka mitatu, msaidizi wa mashine ya kuchuna mkonge. Sisi tunaiita korona, jina la zamani kuliko ule ugonjwa. Fundi wake alitoka Brazili, mzee mnene mwenye mvi kifuani. Nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi, na wiki ya pili tu alishajua kuitikia marahaba. Kiswahili chake kingine kilikuwa kidogo. Lakini siku moja alipigapiga meza akaitaja kwa Kireno, lugha yao, na neno likawa karibu lilelile. Nilikaa siku nzima nikimwonyesha vitu na kumuuliza vinaitwaje kwao. Niliacha shule kidato cha pili, na hakuna mwalimu aliyewahi kunivumilia namna ile.

Alinifundisha kwa mikono. Alikuwa anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, anasikiliza beringi, kisha ananipa na mimi nisikilize. Ikilia hivi ni mafuta. Ikilia vile inakufa, izime. Mwaka wa tatu nilikuwa naifungua korona yote na kuifunga bila yeye kusogea kwenye kiti.

Kisha sheria za vibali zikakazwa. Mwajiri mwenye fundi wa nje sharti awe na Mtanzania anayefundishwa kazi ileile, ili siku moja amrithi. Shambani kwetu hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi tu, na jina lililoandikwa lilikuwa langu. Sasa maofisa wakawa wanakuja kuona kwa macho. Wenzangu waliposikia wakaanza kunitania. "Mrithi, shikamoo!" "Mpisheni Mrithi, asichafuke na grisi!"

Kibali cha mzee kilikuwa kinakaribia kwisha na alitaka kuongezewa miaka miwili. Meneja akaniita pembeni.

"Ofisa akikuuliza, sema unaendelea kujifunza, ila bado. Umenielewa? Ukisema bado, mzee anabaki."

"Nimeelewa, bosi."

Ofisa alikuja mchana. Alikuwa mpole, viatu vyake vimejaa vumbi, akanisalimia vizuri. Mzee alikuwa amesimama pembeni yangu, amevaa shati la pasi, anatabasamu kama mzazi siku ya kufunga shule.

"Kijana, mzee wako huyu amekufundisha nini?"

Nilikuwa na lile "bado" mdomoni. Lakini kwetu, mbele ya mwalimu wako, mbele ya mgeni, ukisema bado hujui ni sawa na kusema mzee huyu ni mchoyo, amekula mshahara na elimu ameificha. Nilimtazama mzee na lile shati lake. Nikashindwa.

"Amenifundisha kila kitu."

"Kila kitu?"

"Hata leo asipokuwepo, mashine itazunguka."

Na sitadanganya, haikuwa heshima peke yake. Kulikuwa na kiburi pia. Hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuniuliza ninajua nini. Nikachukua bisibisi, nikamwonyesha ofisa jinsi ya kusikiliza beringi. Meneja alikuwa anatazama chini.

Ofisa alipoondoka, mzee akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Wewe sema nini kwa yeye?"

"Nimemwambia umenifundisha vizuri."

Akanishika bega, akalitikisa kwa furaha.

Majibu yalikuja baada ya wiki chache. Kibali hakikuongezwa, kwa sababu ujuzi wenyewe ulishapatikana nchini. Nafasi ipewe Mtanzania mwenye cheti cha ufundi. Cheti sina. Akaletwa kijana mwenye stashahada, mstaarabu, hana kosa lolote, na mimi nikabaki msaidizi kama zamani. Wenzangu wakaacha kuniita Mrithi. Hilo liliniuma kuliko walipokuwa wakiniita.

Mzee nilimsindikiza mpaka stesheni ya treni ya umeme. Sijui kama meneja alimweleza jibu langu lilifanya nini. Nilikusudia kumweleza mwenyewe, nikakosa maneno, kwa lugha yake na kwa yangu. Nikamwamkia, akaitikia, treni ikamchukua. Nilirudi kazini miezi miwili zaidi. Kila mashine ilipobadilisha sauti niligeuka kutafuta uso wake tuangaliane, nikamkuta kijana mwenye stashahada anasoma kitabu cha maelekezo.

Tulifika Mikumi saa tisa alasiri. Malori yamejipanga barabarani, muziki unatoka madukani, na sikumjua mtu hata mmoja. Nilimshukuru dereva, nikavuka barabara, nikaingia gesti ya kwanza yenye bati jekundu. Dada wa mapokezi alinisogezea daftari la wageni bila kuacha kumenya chungwa. Jina, nikaandika. Natokea, nikaandika Kilosa. Naelekea, nikaruka. Kwenye kazi, mkono ulisimama. Miaka mitatu nilikuwa najaza "msaidizi". Nikaandika "fundi".

Dada akageuza daftari, akasoma. "Fundi wa nini?"

"Wa korona. Mashine ya mkonge."

"Kaka, hapa mjini kwetu kuna malori na watalii. Mkonge utaupata wapi?"

"Najua."

Alinitazama kidogo, akanipa kipande cha chungwa na ufunguo wa chumba cha mwisho, uani.