Masharubu ya Mdogo Wangu

Nilimaliza kidato cha nne kidevu kitupu kama kibuyu. Mdogo wangu, mwenye miaka sita, alikuwa na masharubu, chunusi na sauti nzito. Nikamwonea wivu, Mungu anisamehe.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na Mwankoko. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio. Mkono ukapita sikio, ukafika shavuni.

"Huyu wa kisomo cha watu wazima!" mwalimu akasema.

"Apewe jembe, shamba la kijiji linamngoja," akadakia katibu wa kijiji. Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Mganga wa zahanati, mama alipompeleka, hakucheka. Alimbonyeza tumbo upande wa kushoto, akarudia palepale.

"Mama, mtoto hawi mtu mzima kwa miezi minane. Juu ya figo kuna tezi ndogo. Nahisi ina uvimbe, unamwaga homoni za kiume damuni. Usipotolewa, utamuua. Mpelekeni hospitali kubwa."

Nyumbani, baba akanigeukia. "Wewe si ndiye msomi? Mpeleke."

Msomi ambaye kwake kwenda Utemini tu, mjini hapo jirani, ni safari! Lakini nilikwenda, na usingizi ukanihama tangu ndani ya basi.

Siku ya upasuaji nilikaa, nikasimama, nikatoka uani, nikarudi kabla sijafika.

"Kaka, tulia, unanichosha macho," nesi akasema.

"Nikitulia ndiyo nafikiri, dada."

Mchana daktari alitoka. "Tumeutoa wote. Masharubu yatapungua. Sauti haitarudi ilivyokuwa. Na asitegemee kurefuka sana. Mifupa yake imekimbia mno. Mtamleta kila mwaka tumwangalie, uvimbe usije ukaota tena."

Kila mwaka! Nikasema ndiyo kabla miguu haijapata nafasi ya kukataa.

Siku ya kuruhusiwa, mlangoni mwa wodi, mdogo wangu alisimama. Alikuwa ananifika kwapani.

"Kaka, nibebe."

Tangu aote masharubu, hakuna aliyembeba, hata mama. Nikainama, nikamnyanyua mikononi kwa uangalifu, mshono usiguswe. Mzito kama gunia la uwele. Nikapita nikihema kati ya wagonjwa, wote wametukodolea macho.

"Mbona unambeba mtu mzima, hana miguu?" mama mmoja akauliza.

"Ana miaka sita, mama," nikajibu, na sikumshusha mpaka getini.