Shamba Lililopumzishwa

Walimwita Mama Kiberiti, na jina lilimkaa, kwani kwa miaka thelathini hakuna aliyewasha moto wa shamba na kuuzuia usivuke mpaka kama yeye. Lakini siku hiyo mikono ile ile ilikuwa juu ya meza ya afisa wa ardhi, ikipanga picha tatu zilizopigwa zamani na bwana shamba mmoja mpenda kamera.

Katika ya kwanza, marehemu mumewe ameshika shoka, kifua mbele, utadhani miti iliangushwa kwa kutazamwa tu. Katika ya pili, yeye mwenyewe yuko kati ya visiki vyeusi, anatoboa majivu kwa mti uliochongwa ncha, na binti yao nyuma anadondosha punje. Ya tatu ni mahindi matupu, marefu hata watu hawaonekani.

Haja yake ilikuwa moja: aandikiwe hati ya kipande kile cha pichani, ili binti yake, aliyeachika na watoto watatu, apate pa kulima msimu huu.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alizitazama picha kwa heshima, akafungua ramani, akauliza shamba lenyewe liko wapi. Akaonyeshwa kwa kidole.

"Bibi, hapa pana msitu."

"Si msitu. Limepumzika."

Akamweleza kwamba ardhi ikichoka huachwa mpaka miti iipite nyumba kwa urefu, ndipo ifyekwe na kuchomwa tena. Mumewe alimwachia wosia huo akiwa kitandani, naye akautii miaka kumi na miwili, akila unga wa dukani huku shamba lake likinenepa. Majirani walimcheka. Wao walilima kila mwaka mpaka udongo ukabaki mchanga, na wote walikwisha kuandikiwa.

Afisa akasema pasipolimwa miaka kumi huhesabiwa pori la serikali.

"Ungelilima kila mwaka, lingekuwa lako."

"Lingekufa."

"Lingekufa, bibi, lakini lingekuwa lako."

Waliosema mvumilivu hula mbivu hawakufika ofisi ile. Mama Kiberiti alikusanya picha zake, na kwa mara ya kwanza tangu azike, akamkasirikia mumewe.

Nje, binti alikuwa ameketi ngazini, panga jipya limefungwa gazeti magotini. Akauliza waanze kufyeka lini. Mama yake akaketi kando yake.

"Kesho tukaombe kibarua, mwanangu," akasema. "Twende mapema, kabla vibarua wengine hawajajaa."