Sahani za Bati Uwanjani Kisegi

Mwaka mmoja, miaka ya tisini, mkutano wetu mkubwa wa kanisa pale Kisegi ulilisha watu kwa sahani za karatasi na vikombe vya plastiki kutoka mjini. Tuliona ni maendeleo: mtu anakula, anatupa, anarudi kuimba. Baadaye upepo ulivitawanya hadi ufuoni mwa ziwa. Wiki chache zikapita, mtamba wa ng'ombe wa jirani yangu mjane akaacha kula, akafa. Walipompasua walikuta plastiki imejaa tumboni. Jirani hakumlaumu mtu. Msimamizi wa jikoni nilikuwa mimi, kwa hiyo nilijilaumu mwenyewe.

Mkutano uliofuata ulipokaribia, niliwaomba wazee kila boma lilete sahani na vikombe vyake vya bati. Mzee mkuu wa kanisa, mtu mpole asiyependa ubishi, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama, kuosha nako kunamaliza miti," akasema. "Utachemsha maji kwa kuni gani? Vilima vyetu vimebaki vipara."

Nilirudi nyumbani, nikakusanya sahani thelathini zenye mafuta ya samaki, nikajaribu: kupangusa mabaki, kusugua kwa jivu, kuosha kwa maji baridi na sabuni, kusuuza, kisha kuanika juani. Zilitakata bila kuwasha moto. Maji machafu nikamwagia migomba. Nikampelekea mzee sahani moja. Aliipitishia kidole, akainusa.

"Na zile za karatasi ni miti pia," nikamwambia, "ila imekatwa mahali tusipopaona."

Akatabasamu, akaniruhusu.

Kwa siku tatu watu walipanga foleni kwenye makarai, kila mmoja akiosha sahani iliyokwaruzwa alama ya boma lake kwa msumari. Vikombe viwili vilipotea, na mama mmoja alilalamika kuwa jivu linamkausha mikono. Mkutano ulipoisha nilizunguka uwanja mzima na gunia, kutoka barabarani hadi majini. Nilipata maganda ya ndizi na kiatu kimoja cha mtoto.

Kiongozi wa wanawake waliokuja mkutanoni kutoka Homa Bay aliniuliza taka tumezizika wapi.

"Hatukuzika kitu," nikamjibu.

Akatazama ule uwanja, kisha akaniomba niende nikawaonyeshe wapishi wake. Nilienda, nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.