Kondoo wa Ebla Waliokwama Berbera

Diriye aliingia udalali wa mifugo pale Burao kabla hajaota ndevu, na sasa ndevu zenyewe zilikuwa nyekundu kwa hina. Katika soko lile mfugaji hauzi mwenyewe. Humtafuta dalali wa ukoo wake, naye dalali humwambia mnunuzi: mnyama huyu si wa wizi, na mwenyewe ni mtu wangu. Kisha mikono ya dalali na mnunuzi huingia chini ya shali, vidole vikabanana kuhesabiana kwa siri, bei ikapatikana.

Msimu wa Hija ulipokaribia, Diriye aliuza hivyo kundi lote la kondoo wa shangazi yake Ebla, mjane wa nyika za Haud. Mnunuzi alikuwa tajiri wa Berbera, ambaye angelipa baada ya meli kushusha wanyama Jedda.

"Mimi mtu wa Berbera simjui," Ebla alisema. "Nakujua wewe. Wachukue."

Meli ya kwanza ilirudishwa. Jedda walisema wanyama wana homa, wakafunga bandari yao. Burao habari ilifika kwa simu asubuhi, na kabla ya adhuhuri soko lilikuwa limenyamaza.

"Bado unabonyeza simu tu?" Hirsi, dalali mwenzake, alimtania. "Huyo tajiri wako kashakuzimia simu, bwana!"

Diriye akadandia lori lililokuwa likirudi tupu Berbera. Alikuta kondoo wa watu wengi, wa Ebla wakiwemo, wamesongamana kwenye mazizi ya bandarini, jua linawachoma, wanalamba mabomba makavu.

"Tajiri yuko wapi?" alimuuliza mlinzi.

"Kapanda ndege. Majani yameisha, mzee. Kama una wako humu, watoe leo."

Alipiga simu Djibouti. Mazizi yao yalikuwa yamefurika. Alipiga Jijiga, wakamcheka: na wao walikuwa wakitafuta pa kupeleka wa kwao. Mwishowe aliwapakia kondoo wa Ebla walioweza kusimama kwenye lori la kurudi Burao. Kwenye kona za mlima wa Sheikh walianza kuanguka mmoja mmoja, na kila lori liliposimama aliwashusha waliokufa kwa mikono yake.

Ebla alikuwa akimngoja kwenye lango la soko. Alipita katikati ya waliofika, akiwashika masikio.

"Ndio hawa tu?"

"Ndio hawa, shangazi."

"Na yule jike mwenye shingo nyeupe?"

"Alifia njiani."

"Ulimwona mwenyewe?"

"Nilimshusha mwenyewe."

Hakupiga kelele. Diriye angefarijika kama angempigia kelele. Wachinjaji waliwachukua wale waliobaki kwa bei ya huruma, na fedha hiyo haikutosha hata kumnunulia ngamia wa kubebea maji. Mtu asiye na kundi hana cha kurudia Haud.

Wiki zilizofuata, wafugaji wa ukoo wake walimsalimia Diriye kwa adabu, wakapita, wakaenda kwa Hirsi. Hakuwalaumu. Jedda nako hakukusikika neno la kufungua bandari.

Ebla alihamia kwenye kambi ya nje ya mji, penye vibanda vya matambara. Diriye alikwenda kumsaidia kupinda fito za kibanda. Upepo wa vumbi ulikuwa ukizing'oa kila alipozichomeka.

"Zamisha zaidi, mwanangu," Ebla alisema. "Hapa nitakaa sana."

Diriye akachimba tena, bila kumtazama usoni.